Ada ya kila mwezi ya umeme wa jua kwa ghala la samaki

Kaka, umeuliza iwapo ghala lako la samaki hapo Likoni lifunge mkataba wa miaka kumi wa umeme wa jua unaolipiwa ada kila mwezi. Kwanza itazame bili yako: ikiwa unatozwa pia kwa kVA (kipimo cha nguvu ya umeme unayovuta kwa wakati mmoja), unalipia kilele cha matumizi, na kompresa tatu za majokofu zikiwaka kwa pamoja alfajiri, kabla jua halijachomoza, paneli hazitakishusha kilele hicho; kifaa cha kuwasha kompresa kwa zamu ndicho kitakachokishusha. Mkataba nao useme ni nani atakayeosha paneli na kubadilisha skrubu zilizoliwa na chumvi ya bahari (huku kwetu pwani hazichukui muda kuliwa), na ada itapunguzwaje mtambo ukizima. Hakikisha fundi ana leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli.