"Trivial" si upuuzi

Dada uliyeuliza kama neno la Kiingereza "trivial" maana yake ni "upuuzi": umekaribia, ila upuuzi ni mkali mno. Trivial ni jambo lisilo na uzito, ambalo hata ukiliacha lilivyo hakiharibiki kitu. Herufi moja ikikosewa kwenye risiti ya chai, hiyo ni trivial. Ikikosewa kwenye namba ya kontena hapa bandarini Kilindini, mzigo unakwama na gharama zinapanda, na neno hilo halifai tena. Kinachopimwa ni matokeo, si udogo wa kitu chenyewe.

Sasa, kwa vile umesema unamwandikia mteja, tafadhali usimwambie lalamiko lake ni trivial. Atasoma kwamba anakusumbua kwa vijimambo, na barua ya pili itakwenda kwa bosi wako. Andika "minor": kasoro ni ndogo, heshima imebaki.

"Petty" ndiyo usiiguse kabisa. Hiyo humchafua mtu mwenyewe, kwamba ni wa kununa na kushikilia vitu vidogo. (Petty cash ya ofisini haina tusi, ni zile pesa za stempu na maziwa tu.)

Wanahisabati nao wanalo neno "trivial" kwa maana yao. Kwenye 3x + 5y = 0, ukijibu x na y zote ni sifuri, umepata jibu trivial: sahihi kabisa, lakini mwalimu atakuuliza, haya, mengine yako wapi?