Swali la Lugha: Je, kokwa na mbegu ni kitu kimoja?

Swali: Katika zoezi kuhusu mimea, mwanafunzi aliandika kwamba "kokwa la embe ni mbegu ya mwembe", na mwalimu akaikata sentensi hiyo. Je, maneno haya mawili si visawe?

Jibu: Katika mazungumzo ya kawaida maneno hayo hupokezana bila kumpotosha mtu, kwa kuwa anayefukia kokwa la embe ardhini amepanda na mbegu. Katika maandishi ya sayansi, hata hivyo, mwalimu yuko sahihi, na ningependa sana tofauti hiyo itunzwe, maana ndiyo inayoonyesha jinsi mmea unavyoilinda mbegu yake.

Baada ya utungisho, yaani seli ya kiume kuungana na ya kike, ovari ya ua (kifuko chake cha kike) hukua ikawa tunda, na ovuli, yaani vijiyai vilivyomo ndani yake, huwa mbegu. Ukuta wa embe una tabaka tatu: ganda la nje, nyama inayoliwa, na tabaka la ndani lililokakamaa, ambalo ndilo kokwa. Kokwa basi ni sehemu ya tunda, na mbegu yenyewe imefungwa ndani yake. Ndiyo sababu mnyama anaweza kula nyama, akalitupa kokwa mbali na mti mzazi, na mbegu ikabaki salama bila kuguswa na meno.

Kwa upande wa nazi, Kiswahili kina msamiati mzuri ajabu. Makumbi ni tabaka lenye nyuzi linaloiwezesha nazi kuelea na kuchukuliwa na mawimbi hadi ufuo mwingine, na kifuu, kwa muundo wake, ndicho kokwa la nazi. Ila nyama nyeupe iliyomo ndani ya kifuu ni sehemu ya mbegu, ilhali nyama ya embe ni sehemu ya tunda, hivyo anayeandika kuhusu mimea hana budi kubainisha anazungumzia nyama ipi.

Kosa la kinyume hutokea kwenye parachichi. Wengi husema "kokwa la parachichi", lakini lile donge kubwa la katikati ni mbegu halisi, lililofunikwa na ngozi nyembamba tu. Papai nalo lina mbegu nyingi na halina kokwa.

Mwanafunzi angeandika: "Kokwa la embe huhifadhi mbegu ya mwembe."