Niliitwa Mfupa kwa sababu ya septamu

Wiki iliyopita nimefaulu mtihani wa mdomo wa anatomia, ule wa marudio. Namjibu hapa msomaji aliyeniuliza, "Majina yote hayo mnayakaririje?" Ndugu yangu, mimi niliyakariri, ndiyo maana nikafeli.

Mara ya kwanza mtahini aliniuliza septamu ya pua ni nini. Nikajibu kifua mbele: ni mfupa unaotenganisha tundu mbili za pua. Akashika ncha ya pua yake, akaipinda kushoto, akaipinda kulia. "Mfupa gani huu?" Wenzangu waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko. Mmoja akanibatiza jina: Mfupa. Nilicheka naye, lakini liliniuma, na bado linauma.

Basi nikaanza upya, kwa kidole. Septamu ni ukuta wa kati wa pua: mbele, panapopindika, ni gegedu (tishu imara lakini laini kuliko mfupa) lenye pembe nne. Nyuma yake kwa juu kuna bamba wima la mfupa wa ethmoidi, ule ulio kati ya macho. Nyuma kwa chini kuna mfupa wa voma, neno la Kilatini la ulimi wa plau, na kweli umefanana nao. Chini kabisa ni tuta jembamba la mifupa ya maksila (taya la juu) na kaakaa. Yamekwisha!

Kilichonifungua macho hasa ni damu. Gegedu hilo halina mishipa yake lenyewe, linalishwa na utando unaolifunika. Pua ikigongwa na damu ikajikusanya kati ya utando na gegedu, gegedu hukosa chakula na laweza kufa ndani ya siku chache, mgongo wa pua ukadidimia kama tandiko la farasi. (Ukigongwa, pua ikaziba na ndani ukaona uvimbe laini, nenda hospitali siku hiyo hiyo.) Na pale mbele kwa chini, mishipa kadhaa hukutana katika eneo la Kiesselbach, ndiko damu nyingi za pua hutoka. Ndiyo maana tunabana sehemu laini ya pua, si mfupa wa juu, huku tumeinamia mbele. Kwenye marudio niliulizwa hilo hilo. Nikajibu nimejishika pua.

Kwa hiyo gusa kwanza, jina lije baadaye. Chora. Funga daftari, chora tena. Acheni kujivunia kurasa mlizokesha nazo, jamani. Mtahini haulizi ulilala saa ngapi.

Matokeo yalipotoka, yule mwenzangu alinipigia simu.

"Hongera, Gegedu!"