Honda CG125 ya mzee inawaka kwa choki tu: usinunue kabureta mpya kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Honda CG125 ya marehemu mzee imekaa stoo miaka sita, umeweka petroli mpya, inawaka ukiweka choki, ukiondoa choki inazima. Ukiibembeleza kwa kuvuta mafuta inatembea, ila ukiachia mafuta kwenye mteremko inapiga risasi kwenye ekzosi. Fundi kasema kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) imekufa, nunua mpya.

Usinunue bado. Dalili zote hizo zinaelekeza zaidi kwenye kitundu kimoja chembamba kuliko tundu la sindano ya kushonea, na kukizibua ni kazi ya jioni moja.

Mimi ninayo CG kama hiyo. Ilikuwa ya baba mdogo, alikuwa bwana shamba, na nilipokabidhiwa kuku walikuwa wanataga kwenye siti. Honda waliitoa pikipiki hii mwaka 1976, injini ya mapushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu) badala ya cheni ya juu, makusudi iwahimili watu wasiojali sevisi. Ndiyo maana Wachina waliigeza, na bodaboda nyingi unazoziona barabarani zina injini iliyozaliwa na hiyo ya mzee wako. Lakini injini kuvumilia ni jambo moja, kabureta ni jambo jingine. Petroli ikikaa ndani ya bakuli la chini ya kabureta miezi mingi, sehemu nyepesi inapaa na kubaki utando wa kahawia unaonata kama gundi. Ule utando unaanza kuziba tundu dogo kuliko yote, nalo ni la jeti ya sailensa, yaani kijiti cha shaba chenye tundu kinachopitisha petroli injini ikinguruma bila kuvuta mafuta.

Choki ya CG ni kibati kinachofunga njia ya hewa ili injini ivute petroli kwa wingi. Kama pikipiki imeshapata moto na bado haitaki kukaa bila choki, maana yake pale kwenye sailensa hewa imezidi au petroli imepungua. Mara nyingi ni mawili: ama jeti hiyo ndogo imeziba, ama kuna hewa ya wizi inaingia kati ya kabureta na kichwa cha injini. Hiyo ya pili ipime kabla hujafungua kitu. Ipashe injini moto, iache ingurume, kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi (bomba linalounganisha kabureta na injini), pale penye oringi (pete ya mpira) na kile kipande cheusi cha kuzuia joto. Mngurumo ukibadilika ghafla, tatizo ni oringi ya bei ya soda. Kuna wanaopima kwa kunyunyizia petroli. Ekzosi ipo hapohapo chini inachemka, kwa hiyo achana nao.

Vilevile, kabureta husingiziwa sana. Kabla ya kuilaumu, toa plagi uitazame (CG yangu inatumia NGK D8EA, mwanya 0.6 hadi 0.7 mm), pima tapeti (nafasi ya valvu) injini ikiwa baridi kabisa (0.08 mm zote mbili), na utazame chujio la hewa kama lipo. Nasema kama lipo kwa sababu pikipiki nyingi za zamani lilishatupwa, halafu mtu anahangaika na jeti mwaka mzima. Tapeti zikiwa zimebana, hakuna jeti duniani itakayoipa sailensa iliyotulia.

Haya, kufungua. Funga koki ya tangi, toa bomba la petroli, legeza nati ya manifoldi na klampu ya upande wa chujio. Skrubu za bakuli ndizo zitakazokutoa jasho. Zinaonekana kama za bisibisi ya nyota ya kawaida, kumbe ni za kipimo cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida haifiki chini, inapanda na kuchonga kichwa. Zile zenye kidoti kidogo kichwani ndizo hizo. Kama huna bisibisi yake, sugua ncha ya bisibisi ya nyota kwenye jiwe la kunolea mpaka iwe butu kidogo, ikae vizuri, kisha igonge nyundo mara moja kabla ya kuzungusha. Mimi skrubu ya kwanza niliichonga, nikaishia kuitoa kwa plaizi huku nikimwomba Mungu msamaha.

Bakuli lisimwage hovyo. Limimine kwenye kikombe cheupe. Ukiona viduara vinavyotembea chini kama shanga, hayo ni maji. Ukiona unga mwekundu, hiyo ni kutu ya tangi, na hapo kusafisha kabureta bila kusafisha tangi na chujio la koki ni kufuta maji sakafuni bomba likiwa wazi. Yangu ilikuwa na vyote viwili pamoja na mguu wa mende.

Ndani utaona jeti mbili za shaba. Ile kubwa ya katikati ni ya mbio. Ndogo, nyembamba, iliyozama pembeni ndiyo mshukiwa wetu. Ifungue kwa bisibisi bapa inayojaa kabisa kwenye mfereji wake, shaba ni laini. Iinue uielekeze juani uangalie. Lazima uone nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Usipoona kitu umeshapata jibu, na ukiona mwezi mwandamo badala ya duara, pia umepata jibu.

Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo nivumilie niseme kwa kirefu. Nilipoona imeziba, nilichukua uzi wa waya wa breki ya baiskeli nikachokoa. Ikazibuka, pikipiki ikawaka, nikajiona fundi. Baada ya wiki plagi nyeusi ti, moshi unanuka petroli, na safari iliyokuwa ya lita mbili ikawa karibu tatu. Niliendesha hivyo zaidi ya mwaka nikiamini "ndivyo zilivyo za zamani". Kumbe waya wa chuma ulikuwa umekwangua shaba na tundu limepanuka. Unene wa unywele ukiongezeka kwenye tundu la ukubwa ule, umeshabadilisha namba ya jeti. Nilikuja kulibaini siku niliyoweka jeti mpya, sailensa ikatulia palepale. Tangu hapo chuma hakigusi jeti yangu. Natumia unyoya wa mswaki au uzi wa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba wa nailoni, na hata huo baada ya kuiloweka kwanza.

Ya kulowekea ni dawa ya dukani ya kusafishia kabureta. Ukikosa, watu wa pwani tunajua ndimu inavyong'arisha shaba: kamulia ndimu kwenye maji ya moto, tumbukiza jeti pekee dakika kumi na tano au ishirini, toa, suuza, puliza. Usizilaze usiku kucha, asidi inakula shaba. Na mwili wa kabureta usiutie humo. Umetengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki na aluminiamu, ukiuchemsha na ndimu au sabuni kali ya magadi unatoka na ukungu mweupe, na ule ukungu unakwenda kujificha kwenye vinjia vya ndani usivyoviona.

Vinjia hivyo ndivyo wengi wanavyoviruka. Jeti inasafishwa, lakini njia inayotoka kwenye jeti kwenda kwenye vitundu viwili vidogo karibu na silaidi (kizibo kinachopanda ukivuta mafuta) bado ina gundi. Toa ile skrubu ya pembeni yenye springi (kabla ya kuitoa ifunge mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike). Kisha piga dawa kwenye kila tundu na utazame inatokea wapi. Kila tundu lina pa kutokea. Likimeza dawa bila kuitapika, bado. Vaa miwani, dawa hurudi usoni, nimeonja. Maliza kwa upepo wa kompresa, ule wa wajaza matairi unatosha, lakini floti (kiboya cha ndani ya bakuli) na raba zote ziwe zimetolewa. Na chini ya ile springi kuna washa na oringi ndogo kama punje ya mtama. Yangu iliruka kwenye mchanga, nikaitafuta mpaka magharibi.

Floti itikise karibu na sikio. Ukisikia maji ndani imetoboka, na ukiizamisha kwenye maji ya moto utaona vipovu vinakotokea. Sindano ya floti, ile inayokata petroli bakuli likijaa, itazame ncha: ikiwa na mfereji unaozunguka, petroli haitakatika na pikipiki itamwaga chini ukiiegesha. Kujua usawa wa petroli mimi situmii kalipa (kifaa cha kupimia). Nachomeka bomba jembamba la plastiki linaloonyesha kwenye tundu la kumwagia chini ya bakuli, nalikunja juu pembeni ya kabureta, nafungua koki na ile skrubu ya kumwagia. Petroli inasimama ndani ya bomba kwenye usawa uleule ulio ndani. Inatakiwa isimame chini kidogo ya maungio ya bakuli na mwili. Ikipanda na kuendelea kupanda, sindano haifungi.

Sasa kuitegea, yaani kuirekebisha iungurume vizuri. Ukisharudisha kila kitu, skrubu ya pembeni ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu. Watu wanabishana sana kuhusu hiyo skrubu kwa sababu zipo za aina mbili. Ikiwa imekaa upande wa chujio la hewa, inapima hewa: ukiifunga, mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: ukiifunga, mafuta yanapungua. Tazama yako iko wapi kabla hujamsikiliza mtu yeyote, hata mimi.

Ipashe moto kwa kuiendesha kama dakika kumi, si kwa kuipigia resi uwanjani. Ishushe sailensa kwa ile skrubu inayoinua silaidi mpaka ingurume polepole, kisha zungusha skrubu ya pembeni robo robo, ukisubiri sekunde chache kila mara. Mngurumo utapanda, utafika mahali, utaanza kuyumba. Rudi pale ulipokuwa juu kuliko kote. Shusha sailensa tena, rudia. Kama unaifunga mpaka mwisho na injini haijali, jeti ndogo au njia yake bado haijasafishika. Rudi mezani, usianze kubadilisha vitu.

Hiyo milipuko ya mteremkoni itakwisha hapohapo, maana ni petroli isiyoungua kwa sababu ya hewa kuzidi, inakwenda kuwakia kwenye ekzosi. Ikibaki kidogo, kagua gasketi ya ekzosi pale inapoungana na injini.

Sindano ya silaidi na jeti kubwa usiziguse kama pikipiki inakimbia vizuri. Jeti ndogo inatawala mwanzo wa mkono wa mafuta, sindano inatawala katikati, jeti kubwa inatawala mwisho. Kwa hiyo tatizo la sailensa halitibiwi kwa kuhamisha klipu ya sindano (kibanio kinachoishika kwenye mifereji yake), ingawa ndicho kitu cha kwanza mafundi wengi wanachofanya. Nilihamisha klipu mara moja tu kwa sababu ya msingi: nilihamia Njombe kutoka Tanga. Kule juu, karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi, pikipiki iliyotegewa baharini ikawa inakohoa kama mvuta tumbaku na plagi inajaa masizi. Niliishusha sindano hatua moja, yaani klipu nikaipandisha mfereji mmoja, nikaweka na jeti kubwa ya namba ndogo zaidi. Nilipoteremka likizo Tanga nikakumbuka kurudisha nikiwa Segera, injini imeshaanza kuchemka.

Kuhusu kabureta mpya ya dukani, ile inayouzwa kwa bodaboda: niliwahi kuifunga. Inaingia, inawaka, na ukiwa na haraka ya kwenda shamba haina ubaya. Lakini nyingi zinakuja na jeti za injini ya cc 150, kwa hiyo kazi ya kutegea iko palepale, na silaidi yangu ililegea kabla ya mwaka. Ile kabureta ya zamani ya Keihin ukiisafisha vizuri itakuzika. Gasketi ya bakuli na sindano ya floti unaweza kubahatisha kwenye duka la vipuri vya bodaboda, ila nenda na ya zamani mkononi ulinganishe, usiagize kwa kutaja jina la pikipiki.

Kuna mwingine aliyeuliza kuhusu Honda CB ya silinda mbili yenye kabureta mbili: safisha kila moja peke yake, usichanganye vipande vyake. Halafu hakikisha silaidi zote zinaondoka chini kwa wakati mmoja. Chomeka vijiti viwili vya keekee vya saizi moja chini ya silaidi, kimoja kila upande, vuta mafuta polepole. Vikilegea pamoja, waya ziko sawa; kimoja kikitangulia, rekebisha waya wa upande ule. Mwisho weka viganja nyuma ya ekzosi mbili usikie pumzi zake, bila kuzigusa.

Mkuu, ukifungua, piga picha ya jeti ndogo ukiwa umeielekeza kwenye mwanga, na utuambie ile skrubu ya pembeni uliihesabu mizunguko mingapi. Kama kuna fundi aliyewahi kupitisha waya kabla yako, tutaliona tundu.