Usifungue kopo la epoksi kabla ya kusaga sakafu

Ndugu, usipake Jumamosi hiyo epoksi, yaani rangi ngumu ya sakafu. Umeandika kwamba zege la gereji yako limelainishwa hadi linang'aa, kwamba utaliosha kwa sabuni, uliache likauke usiku mmoja, kisha asubuhi upitishe rola. Halafu unauliza uchague rangi gani, upake mikono mingapi na sakafu isafishwe vipi baadaye. Ulaini huo unaousifia ndio utakaoiharibu kazi yako yote.

Fundi anapolainisha zege bichi kwa mwiko wa chuma, maji na chembe nyepesi za saruji hupanda juu, na zikikauka huacha utando dhaifu ambao macho hayauoni. Epoksi huushika utando huo barabara, lakini utando wenyewe haujalishika vizuri zege lililo chini yake. Gari likiingia na matairi yenye joto la barabarani, joto hilo hulegeza rangi, na tairi linapopoa hunywea na kuivuta. Kwangu ilibanduka vipande vipande pale pale magurudumu yanaposimama, na nyuma ya kila kipande kulikuwa na unga wa kijivu: rangi ilikuwa nzima, kilichong'oka ni uso wa zege.

Muuzaji aliyeniambia kwamba sabuni na asidi kidogo vinatosha hakuniuliza hata swali moja kuhusu sakafu yenyewe, na hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu anayeuza bidhaa hiyo kila siku anajua wateja hurudi na malalamiko gani. Asidi haiondoi mafuta yaliyonyonywa na zege, huongeza maji mahali unapotaka pakauke, na isipooshwa ikaisha huacha chumvi zinazozuia rangi kushika. Gharama ya kurudia iliizidi ile ya mwanzo, maana rangi iliyobaki ilibidi isagwe yote, nayo ikipata joto hulainika na kuziba meno ya almasi ya mashine, hivyo kazi huenda polepole mno.

Kwa hiyo kodi mashine ya kusagia zege yenye meno ya almasi na kifyonza vumbi, uvae barakoa madhubuti kwa kuwa vumbi la zege lina silika inayodhuru mapafu, usage hadi uso ukwaruze mkono kama msasa. Madoa ya mafuta uyatoe kwanza, kabla ya kusaga, usije ukayasambaza. Ukimaliza, dondosha maji sehemu kadhaa: yakinyonywa upesi, uso uko wazi, yakibaki matone juu, endelea kusaga.

Bado kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini, ambao hata kusaga hakuuzuii. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, ukizibe kwa utepe pande zote nne, ukiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, usipake epoksi ya kawaida. Tafuta kwanza praima, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzuia unyevu. Na kama zege ni jipya, lipe angalau siku 28 kabla ya kufikiria rangi yoyote.

Kuhusu usafi, fagia mchanga mara kwa mara kwa sababu ndio unaokwaruza, kisha piga deki kwa sabuni isiyo kali, bila siki. Gari lisubiri muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao kwa epoksi nyingi ni siku 3 hadi 7. Mengine tutayazungumza baadaye. Ibandike nailoni hiyo leo jioni, kesho uturudishie jibu la ulichokikuta chini yake, na kopo libaki limefungwa.