Utando mweupe kwenye ukuta wa woshingi bei: je, nimwagie asidi ya betri?

Swali: Nina woshingi bei, yaani mahali pa kuoshea magari, hapa Malaba, wateja wangu wengi ni madereva wa malori. Maji tunavuta kwenye kisima kirefu. Vigae vyeupe vya ukutani vimeshika utando mweupe usiotoka hata tusugue na Omo, na kwa chini kuna wekundu. Mashine ya kuoshea kwa presha nayo imepungua nguvu. Kijana wangu anasema asidi ya betri itamaliza yote. Nifanyeje?

Jibu: Dada, hiyo asidi ya betri mwambie airudishe ilikotoka, leo hii. Inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Isitoshe, haitakusaidia: ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, nayo jasi haiyeyuki kirahisi majini. Utakuwa umeondoa ukoko mmoja na kupanda mwingine.

Uchafu wako ni wa aina mbili, na kila aina ina dawa yake. Mafuta, grisi na moshi wa malori hutoka kwa sabuni. Chokaa ya maji ya kisima na wekundu wa vumbi la murramu, ambao ni chuma kilichoshika kutu, havisikii sabuni hata usugue mpaka jioni. Hivyo vinataka asidi, lakini iliyo pole.

Kwanza hakikisha. Dondoshea siki katikati ya kigae, si kwenye maungio, kwa sababu simenti nayo hutoa povu. Utando ukichemka vipovu vidogo, hiyo ni chokaa. Usipotoa povu, huenda ni mabaki ya sabuni ya mche, ambayo hugandamana na chokaa ya maji. Ukiwa na maji ya kisima, tumia sabuni ya unga au ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya magari.

Fanya kazi asubuhi kabla jua halijapiga ukuta, na pasiwe na gari ndani, maana asidi hula rimu za alumini. Osha kwa sabuni kwanza, usuuze vizuri. Asidi haipenyi grisi, na watu wengi huishia kuilaumu dawa kwa sababu waliruka hatua hii. Kisha lowesha ukuta wote kwa maji matupu ili maungio yashibe maji na yasinywe asidi. Yeyusha gramu 50 za asidi ya limau, ule unga mweupe wa watengeneza juisi, katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Paka kwa brashi laini kuanzia chini kwenda juu ili isiache michirizi, subiri kama dakika tano bila kuiacha ikauke, sugua, kisha suuza kutoka juu. Ukoko mnene utataka kurudiwa mara mbili tatu. Rudia tu, usiongeze ukali.

Vijana wavae glavu na miwani. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, isikaribie hapo kabisa: ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini, inayoumiza mapafu. Usipake asidi kwenye mabati pia, kwani itakula zinki na kutu itaingia. Maji ya kusuuzia yapite kwenye shimo lako la kutenganisha mafuta, yasiachwe yaende mtaroni.

Ili utando usirudi haraka, kila jioni suuza ukuta na ukaushe kwa mpira wa kukamulia maji. Chokaa hubaki pale tone linapokaukia.

Sasa mashine. Chomoa umeme kwanza, na usiipige mota maji ya presha hata siku moja. Fungua chujio dogo pale mpira wa maji unapoingilia. Kwa maji ya kisima huzibwa na mchanga, na mara nyingi tatizo lote liko hapo. Kisha vua nozeli, ile ncha inayotoa maji, iloweke nusu saa katika maji yaleyale ya asidi ya limau, zibua kwa sindano na suuza. Tundu likiwa limepanuka, nunua nyingine, haitengenezeki. Asidi usiipitishe ndani ya pampu, kwa sababu pampu nyingi zina sehemu za alumini. Mwisho tazama mafuta ya pampu. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yamepita kwenye sili, mpira unaozuia maji yasiingie kwenye mafuta: izime hapo hapo umwite fundi, kabla beringi hazijafa.