Ndege ya vita ikivishwa maboya, anza kuukagua mkia

Wanaoanza kuzisoma ndege hizi hukimbilia maboya, yaani vyombo vya kuelea vinavyofungwa chini ya ndege mahali pa magurudumu ili itue majini. Anzeni mkiani. Maboya huongeza ubavu mwingi mbele ya kitovu cha uzito, kwa hiyo upepo wa pembeni ukipiga, pua huzidi kugeuka badala ya kurudi. Ndiyo sababu Spitfire Mk V ya maboya, ndege ya kivita ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1942, ilipewa pezi (bapa la wima la kuinyoosha ndege) la ziada chini ya mkia. Wildcat F4F-3S ya Marekani, ya 1943, nayo ilihitaji mapezi ya nyongeza. Ukikuta mchoro wenye maboya na mkia ule ule wa nchi kavu, utilie shaka.

Kisha piga hesabu. Kanuni za ndege za kiraia hutaka maboya yabebe uzito wote na asilimia 80 zaidi, katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ndege ya kilo 3,400 inahitaji lita 6,120, yaani 3,060 kila boya, ligawanywe vyumba visivyopungua vinne visivyovujishiana.

Kidato cha chini ya boya, yaani mkato kama ngazi unaolisaidia kubanduka majini, kikae nyuma kidogo tu ya kitovu cha uzito. Kikirudi nyuma mno, rubani hawezi kuinua pua ili aruke; kikija mbele mno, ndege hukalia mkia na kuanza kudundadunda juu ya maji kama pomboo.

Maji yanayoruka ni adui wa propela na kabureta. Spitfire ilifungwa propela ya mapanga manne, na mdomo wa kuvutia hewa ukarefushwa.

Yote haya hula mwendo. Zero A6M2, ndege ya kivita ya Japani, ilifika takriban kilomita 533 kwa saa; toleo lake la boya, A6M2-N, 434 hivi. Wajapani walikubali hasara hiyo, wakaunda 327, kwa kuwa visiwa vingi havikuwa na viwanja vya ndege. Wamarekani walivijenga upesi, Wildcat ya maboya ikakosa kazi.

Kwa ndege iliyoingia maji ya chumvi: ioshe yote kwa maji baridi, paka grisi bawaba na kamba za usukani, kisha pampu maji yaliyomo katika kila chumba cha boya na uandike kiasi kilichotoka. Chumba kimoja kikizidi vingine kila asubuhi, kagua ribiti na maungio yake. Lita 20 zikibaki katika sehemu ya nyuma ya boya ni kilo 20 zinazovuta mkia chini.